Mlinzi wa "Prepo ya Mwisho"

Nimestaafu. Deki ya video ya mwisho iliyokuwa mezani kwangu nimemkabidhi Neema, fundi wa picha wa Arusha, pamoja na bisibisi zangu zote, naye akagoma kuzichukua mpaka nimwahidi kuandika namna nilivyozitumia. Anasema yeye na wenzake wamejifunza kazi hii kwenye kompyuta, na kanda ya video wakiishika wanaona haya, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mgeni. Basi naandika. Habari za vyeo sina, kwa sababu dukani kwetu vilikuwa viwili tu, mwenye duka na fundi, na mwenye duka hakuwa na mpango wa kuachia cha kwake.

Mwenye duka alikuwa Mzee Issa, Mrangi wa Kondoa, muuza redio na saa hapa Karatu mjini. Nilipelekwa kwake na baba baada ya kumaliza kidato cha nne na kukosa pa kuendelea. Mzee Issa hakunitazama usoni, alitazama vidole. Kisha akaniwekea deki mbovu na bisibisi moja, akasema, "Ifungue, halafu ifunge."

Nikafungua, nikafunga, skrubu zikabaki mezani.

"Tena," akasema.

Wiki nzima kazi yangu ikawa hiyo. Siku nilipofunga bila kubakiza kitu, nikamuuliza sasa tunaanza lini kutengeneza.

"Bado. Binti, mafundi wa kufungua wamejaa mji huu. Mimi natafuta wa kufunga."

Adui zetu walikuwa wawili, na wote ni wenyeji wa hapa. Kiangazi lilikuja vumbi jekundu, linaloingia hata ndani ya saa iliyofungwa. Masika ulishuka ukungu kutoka msitu wa Ngorongoro, ukakaa mjini mpaka saa nne asubuhi. Kanda ikipitisha masika moja kwenye chumba kisicho na hewa, inaota kitu cheupe kama unga wa muhogo, nacho tunakiita ukungu vilevile. Kwa Karatu jina hilo ni sawa kabisa, maana huu wa kwenye kanda ni mtoto wa ule wa angani. Mzee Issa alinifundisha nisiingize kamwe kanda yenye ukungu kwenye deki. Ukiingiza, umechafua kichwa cha kusomea, na kila kanda itakayofuata itaondoka na ugonjwa. Aliposema hivyo alikuwa mkali kama nesi.

Tulitengeneza deki za mabanda ya video, redio za walimu, kamera za wageni waliotoka kreta na vumbi kwenye lenzi. Madereva walizileta mbiombio kwa kuwa ndege inaondoka kesho. Niliwahi kuokoa kanda ya mama mmoja wa Kizungu ambayo, nilipoicheza, karibu yote ilikuwa picha ya sakafu ya gari. Alisahau kuzima. Alinikumbatia hata hivyo. Nikajifunza kwamba si kazi ya fundi kuamua kilichomo kina thamani gani.

Deki zilipoanza kutoweka, Mzee Issa alirudi Kondoa kuzeekea kwao, na mwanawe akageuza duka kuwa la simu. Meza yangu ya pembeni aliiacha. Nikawa nahamisha harusi na ubatizo wa watu kutoka kwenye kanda kwenda kwenye diski, kisha kwenye flashi. Kazi ya kimyakimya. Unatazama watu waliokwisha kufa wakicheza muziki, unasahihisha rangi, unakabidhi.

Hapo ndipo Neema aliponipigia simu. Alikuwa na kampuni ndogo na wenzake, wanatafuta filamu za video za zamani za Tanzania, wanazisafisha na kuzitoa kwenye diski kwa watu wanaopenda kuzitazama nyumbani. Walikuwa wanatafuta moja ya kwetu.

"Mama Paskalina, unaifahamu Prepo ya Mwisho?"

Nilicheka. Nani wa rika letu hapa Karatu haifahamu? Ilipigwa kwenye chuo kimoja cha ualimu huku kwetu, mwishoni mwa miaka ya tisini. Aliyeitunga na kushika kamera ni mkufunzi, Mwalimu Dismas, na waigizaji karibu wote walikuwa wanachuo wake. Wasichana wa bweni moja wanauawa mmoja mmoja wakati wa prepo, yale masomo ya usiku, na silaha ni fyekeo. Nasema fyekeo lilelile ambalo kila mtoto wa shule ameagizwa aje nalo siku ya kwanza, pamoja na ndoo na jembe. Nadhani ndiyo maana filamu ilitisha. Mwanafunzi akitoka kuitazama, silaha inamsubiri nyuma ya mlango wa bweni lake. Damu ilikuwa juisi ya rozela, na ukitazama vizuri utaona marehemu mmoja akilamba mdomo.

Kuna mlinzi wa chuo, kijana mrefu mwenye koti la mvua na tochi, asiyesema kitu. Kila mtu anamshuku. Mwishoni msichana wa mwisho, Agnes, amejificha bwenini. Mlango unafunguka, mlinzi amesimama na fyekeo juu, radi inapiga, Agnes anapiga yowe. Halafu chenga tupu kwenye kioo. Imekwisha.

Nakala niliyokuwa nayo, ya kukodisha tangu enzi za Mzee Issa, iliishia hapo. Zote zilizozunguka Mang'ola, Mto wa Mbu mpaka Loliondo ziliishia hapo. Tulidhani ndivyo mwalimu alivyotaka.

Habari kwamba filamu inatoka upya ilienea mjini haraka, na mchana mmoja wa mvua akaingia mtu dukani, akapangusa matope ya viatu mlangoni kwa makini kuliko wateja wengine. Alikuwa Laurenti, mkulima wa Ganako. Nilimjua kwa sura kama wote tulivyomjua. Ndiye aliyekuwa mlinzi kwenye filamu. Mjini waliendelea kumwita Fyekeo, ingawa alikuwa na mvi na alikuwa mzee wa kanisa.

"Dada Paskalina, nasikia mnaitoa ile filamu."

"Tunaitoa. Umekuja kutukataza?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza kama mnaitoa na mwisho wake."

"Mwisho upi?"

Akavuta stuli akakaa. "Mimi siyo muuaji. Muuaji ni matroni. Pale mlangoni nakuja kumwokoa Agnes, na nauawa mimi. Mwalimu Dismas alituonyesha nzima, mara moja, kwenye bwalo la chuo. Halafu akampa mfanyabiashara wa kanda, na yule bwana akanakili kwenye kanda fupi kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Filamu ikaisha kanda ilipoisha."

Wanachuo walioiona nzima walipangiwa kazi mikoa yote ya nchi hii. Hakubaki wa kumtolea ushahidi.

"Wa mjini nimeshawazoea," akasema. "Shida yangu ni mama."

Mama yake, Bibi Martina, aliitazama kwenye banda la video siku ya mnada, baada ya wanawake wenzake kumwambia mtoto wake yumo. Hakudhani ameua kweli. Alijua ni mchezo. Lakini alirudi nyumbani akasema neno moja kwa Kiiraqw, ambalo kwa Kiswahili ningeliweka hivi: mchezo hauoti pasipo na mbegu. Hakulirudia tena. Ila tangu siku hiyo, wageni wakija na kuku akachinjwa, bibi alimwita jirani aje achinje, na mwanawe yupo amekaa pale pale.

"Miaka yote hiyo?" nikauliza.

"Miaka yote. Sasa macho yanafunga. Moja limekwisha, la pili linaona kidogo ukiwa karibu. Nataka aone kabla halijafunga."

Nikampigia Neema nikamwambia filamu tuliyo nayo siyo filamu. Ni kipande.

Mwalimu Dismas alikuwa amekwisha kufariki. Miaka yake ya mwisho alifundisha upande wa Sale, na mjane wake alibaki Digodigo, labda na kanda zake. Tukapanda basi la Loliondo alfajiri, mimi na Laurenti. Pale juu ya kreta ukungu ulikuwa mzito, dereva akaenda taratibu na taa zimewashwa, na hatukuona chochote mpaka tulipoteremkia tambarare na jua likatupokea. Laurenti alikaa dirishani, mikono kwenye magoti.

Abiria wa mbele yetu, bwana wa Kimasai aliyekuwa anarudi Enguserosambu, aligeuka mara ya kwanza, akageuka mara ya pili.

"Samahani, bwana. Wewe si yule wa fyekeo?"

"Ndimi."

"Ai! Tulikutazama tukiwa shule ya msingi. Sikwenda chooni usiku muhula mzima." Akacheka kwa furaha kabisa, akaomba wapige picha pamoja. Laurenti akakubali, na picha ilipokwisha akasema kwa upole, "Lakini mimi sikuua, ndugu yangu."

"Kila muuaji husema hivyo," bwana yule akajibu, na watu wa viti vya jirani wakacheka naye. Hakuwa na ubaya. Nilimtazama Laurenti nikaona amecheka na yeye, kama mtu anayelipa nauli.

Digodigo tulifika siku ya pili kwa pikipiki, njia ikiwa mawe matupu. Kabla hatujafika nyumbani kwa mjane tulipita shamba lake la maharage kandokando ya mfereji, na nikamwambia kijana wa pikipiki asimame. Juu ya maharage, kutoka kijiti hadi kijiti, zilikuwa zimetandazwa nyuzi nyeusi zinazong'aa, zinavuma kwenye upepo. Mng'ao ule wa utepe wa kanda naujua. Nimeushika maisha yangu yote.

Laurenti alichuchumaa kwenye ukingo wa mfereji.

Mjane, Mama Dismas, alitupokea vizuri, akatuketisha, akatupa maziwa kabla ya kutuuliza shida. Nilipomweleza akashika kichwa.

"Ndege walikuwa wananimalizia shamba! Kitu kile kikipigwa na upepo kinalia, wanakimbia. Sikujua kama kuna atakayekitafuta."

"Zote, mama?" Laurenti akauliza.

"Siyo zote. Zile za wino mwekundu sikuzigusa. Marehemu alisema zile ndizo filamu yenyewe, nyingine ni za majaribio." Akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. "Lile koti la mlinzi ulilovaa, mwanangu, nililishona mimi. Filamu yenyewe sijawahi kuiona. Umeme huku umefika juzi tu. Mkiitengeneza mniletee."

Ndani ya sanduku zilikuwa kanda mbili, na ukungu umeota hadi nje ya kioo. Ya pili iliandikwa kwa mkono: Prepo, mwisho. Nikaifunga kwenye kanga yangu, nikaibeba mapajani mpaka Karatu.

Sasa kazi yenyewe, kwa ninyi mtakaokutana na kanda kama hii. Kwanza, msiwe na haraka. Nilifungua ganda, nikautoa utepe na magurudumu yake, nikauhamishia kwenye ganda safi. Kabla ya kuugusa ukungu niliukausha, kwa sababu ukungu mbichi ukiupangusa unaupaka. Mafundi wa nje wana majiko maalumu ya joto la chini. Mimi nina jirani mfuga kuku mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, na joto lake halipandi wala kushuka. Nikamwomba trei moja. Kwa hiyo mwisho wa filamu ya mauaji ulikaa siku kadhaa na mayai, na vifaranga walitoka wazima, hakuna aliyeonyesha tabia mbaya.

Kisha barakoa puani, mlango wazi, spiriti kidogo kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, na utepe unapita katikati ya vidole viwili, polepole, ukizungushwa kwa mkono. Kitambaa kikichafuka, unakata kipande kingine. Karibu na mwisho utepe ulikuwa umejikunja na kuchanika nusu. Hapo mikono ilinitetemeka, nikaacha, nikaenda kunywa chai, nikarudi baadaye. Mzee Issa alikuwa anasema mkono unaotetemeka si mkono mbaya, ni mkono unaojua. Niliukata ule mpasuko na kuuunga, na tukapoteza kipande kidogo kisichofika kupepesa jicho.

Neema alikuja kutoka Arusha na kompyuta yake siku ya kuicheza. Tukaweka kanda kwenye deki, nikabonyeza, na picha ikaja. Mlango wa bweni, radi, yowe la Agnes. Nikasubiri chenga kwa mazoea. Hazikuja. Mlinzi akapiga hatua ndani na kusema, kwa sauti ya kijana ambaye sauti yake imeiva juzi, "Agnes, njoo nyuma yangu." Matroni akatoka kwenye giza.

Tuliitazama mpaka mwisho. Neema alisema tu, "Jamani."

Ila ilikuwa na giza sana na picha ilitikisika. Neema akaiingiza kwenye programu yake mpya, ambayo inakisia kilichofichwa na kukijaza. Ikafanya kazi usiku, na asubuhi akaniita nione. Kuta za bweni zilikuwa safi, koti lilionekana hadi mshono. Lakini uso wa mlinzi haukuwa wa Laurenti. Macho yalikuwa yamekazwa, na mdomo umefunua meno. Kwenye kanda mdomo umefungwa. Sijui mashine ile ilijifunzia wapi sura za watu, lakini ilipoona mtu mrefu gizani ameshika fyekeo, iliamua anavyopaswa kuonekana.

"Hata mashine nayo," nikasema.

Neema akafuta kazi yote ya usiku ule. "Tutafanya kwa mkono, Mama."

Ilituchukua wiki nyingi. Tulipunguza mtikisiko, tukapunguza mngurumo wa jenereta kwenye sauti, tukapandisha mwanga kidogo kidogo mpaka macho yake yakaonekana, tukaishia hapo. Chenga ndogo tuliziacha. Kivuli cha maikrofoni ukutani tulikiacha, maana kilikuwepo. Mmoja wa wenzake Neema alilalamika kwamba picha haijawa kama mpya. Nikamwambia si kazi yetu kuifanya mpya. Kazi yetu ni kuifanya ionekane.

Kabla diski hazijachapwa nilikwenda Ganako mchana, nimebeba flashi. Laurenti alikuwa amesogeza televisheni hadi kwenye kiti cha mama yake, karibu kiasi kwamba ningekuwa mimi ningeumwa kichwa. Bibi Martina alikuwa mwembamba, amejifunga shuka, amenyooka. Nilimsalimu kwa Kiiraqw, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, nikamwambia, akaridhika.

"Mwanangu anasema umekuja kunionyesha tena ule uchafu," akasema.

"Nimekuja kukuonyesha uliokuwa umebaki, mama."

Sikuanzia mwanzo. Nilianzia pale bwenini. Mlango ulipofunguka na mlinzi akasimama, bibi alifanya alichofanya bila shaka siku ile ya mnada: aligeuza uso.

"Mama, subiri kidogo," nikasema. "Angalia tena."

Akageuka, akasogeza jicho lake moja hadi karibu liguse kioo. Laurenti alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka, hatazami televisheni, anamtazama yeye. Kijana wa kwenye picha akasema, "Agnes, njoo nyuma yangu." Matroni akatokea. Fyekeo la mlinzi likadondoshwa, likaokotwa na matroni. Mlinzi hakurudi nyuma. Alitandaza mikono mlangoni ili yule binti apite kwa dirisha, akapigwa, na akiwa chini akapaza sauti maneno ambayo Mwalimu Dismas aliyaandika na hakuna mtunzi mwingine duniani angeyaandika: "Kimbia, Agnes! Kimbia, mtihani ni kesho!" Mimi na Neema tulikuwa tumecheka hapo. Chumbani mle hakucheka mtu. Rozela ikatiririka sakafuni, tochi ikabingirika, mlinzi akatulia.

Mkono wa Bibi Martina ulishuka kutoka kwenye kiti, ukapapasa hewani, ukapata bega la mwanawe. Ukapanda shingoni, ukapita shavuni, sikioni, juu ya mvi, ukashuka tena mpaka kifuani na kukaa hapo, kiganja wazi, kama anayesikiliza.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nilikuambia, mama. Kila mara nilikuambia kwamba sikuua."

"Uliniambia hukuua," akasema. "Hukuniambia kwamba ulikufa."

Laurenti aliweka mkono wake juu ya ule wa mama yake, pale kifuani. Kwenye televisheni Agnes alikuwa bado anakimbia katikati ya mahindi, lakini hakuna aliyekuwa anamtazama. Nikazima sauti, nikatoka nje taratibu, nikawarudishia mlango.